Profesa Wamba alitufundisha baraza, kisha akapanda gari la vita



Siku chache zilizopita, mu kikundi cha WhatsApp cha promosyo yetu, mwenzetu mmoja aliandika kwamba amepata kazi. Tulianza kumpongeza hata mbele ya kusoma mpaka mwisho. Mutuelewe: katika kikundi kile wote tuko na diploma ya iniversite, wengi ya sayansi ya politiki na utawala, na wenye mushahara unaoingia kila mwezi tunawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Wengine wanauza uniti. Wengine wamekuwa kadafi, wanauza petroli kwa chupa pembeni ya barabara. Mmoja anaendesha moto, na diploma yake ameifunga mu plastiki chini ya kiti, anasema labda siku moja atabeba mkubwa fulani anayetafuta mfanyakazi.

Kisha tukasoma mwisho wa ujumbe. Kazi yenyewe ni katika utawala wa hawa walioingia na bunduki, hawa wanaokalia Goma tangu mwezi wa kwanza 2025 na Bukavu tangu mwezi wa pili. Wanatafuta vijana waliosoma, wenye kujua kuandika ripoti na kusema vizuri mbele ya watu. Kikundi kilichemka. Matusi yakaanza. Ndipo mwingine akaandika mustari mmoja: «Musimuhukumu. Hata Profesa Wamba aliendaka.»

Kimya. Na ile kimya haikuwa ya kukubali. Wengi hawakujua Profesa Wamba ni nani.

Hiyo ilituuma kuliko matusi. Watu waliokaa miaka mitano mu oditwari wakisoma politiki, na jina la mmoja wa wakongomani waliofikiri sana juu ya politiki ya Afrika haliwaambii kitu. Lakini wacha tuseme ukweli: sisi pia tunaoandika hapa tulimjua kwa bahati, kupitia fotokopi mbaya ya andiko lake iliyopita mikono mingi mpaka herufi za pembeni zikapotea. Njo maana tumeamua kuandika juu yake. Alikufa tarehe 15 mwezi wa saba 2020, kule Kinshasa. Ilikuwa wakati wa korona, watu walikuwa wanafikiria barakoa na chakula, na kifo chake kilipita kama mvua ya usiku.

Ernest Wamba dia Wamba alizaliwa 1942 huko Sundi-Lutete, mu Bas-Congo, leo Kongo Central. Ni mbali na sisi watu wa Kivu. Alikulia mu eneo la misioni ya Waprotestanti wa Sweden, katika inchi ya Simon Kimbangu, wakati Abako ilikuwa inawaambia Wabeleji waziwazi kwamba saa yao imefika. Alipata nafasi ya kwenda kusoma Marekani, Western Michigan University, mu mji wa Kalamazoo. Huko alisoma falsafa. Na huko, miaka ile ya 60, hakuwa mgeni anayejificha na vitabu vyake: alijiunga na mapambano ya watu weusi ya kudai haki zao. Alioa Mmarekani mweusi, wakazaa watoto. Mtoto wao Philippe aliandika kitabu, kilitoka 1999, juu ya familia yao iliyosimama kati ya Afrika na Marekani. Philippe alikufa kwa ajali ya gari Kenya 2002, akiwa kijana bado. Tutarudi kwenye mwaka ule.

Baba alifundisha Brandeis, alifundisha Harvard. Kwa kijana wa leo anayejaza formulere za viza usiku kucha, hapo hadithi imefika mwisho wake mzuri: umefika Harvard, unatafuta nini tena? Lakini 1980 alichukua mke na watoto akaenda kufundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Waulizeni wazee waliokuwa Tanzania miaka ile. Vita na Idi Amin ilikuwa imemaliza mwaka mmoja nyuma, hazina ya serkali ilikuwa tupu, sabuni na sukari zilitafutwa kama dawa. Mushahara wa mwalimu haukuwa kitu. Alienda kwa sababu Mlimani, kama wanavyokiita kile chuo, palikuwa mahali ambapo Waafrika walikuwa wanagombana kwa mawazo juu ya Afrika bila kuomba ruhusa. Na alikaa. Karibu miaka makumi mbili alikaa.

Kuna atakayesema: huyu alikuwa mtu wa historia na falsafa, kwa nini munamuita mwalimu wa politiki? Kwa sababu kila alichoandika kilirudi kwenye swali moja: nani anafanya politiki? Ni mbunge? Ni chama? Ni mwenye jeshi? Ama ni mama anayeuza sambaza pale sokoni, anayejua kabisa kwa nini kodi imepanda na nani anaikula?

Serkali ya Mobutu ilielewa hatari ya swali hilo haraka kuliko wasomi wengi. 1981 aliporudi inchini kutembelea jamaa zake, walimkamata juu ya maandishi. Alifungwa. Tunataja jambo hili kwa sababu wengine wanapenda kusema alikuwa profesa wa nje, wa maneno, asiyejua fimbo ya dikteta. Aliijua. Alitoka gerezani, akarudi Dar, akaendelea kuandika mambo yale yale.

Ile fotokopi yetu ni andiko la 1985. Ndani yake anaeleza jambo ambalo babu zetu wote walilijua chini ya majina mbalimbali. Wakongo wanaita mbongi, sisi huku tunaita baraza. Kijiji kiko na ugomvi, labda juu ya shamba, ama kifo, ama mtu mmoja amejifanya mkubwa kupita wengine. Watu wanakaa. Kila mwenye neno analitoa, hata lile linaloumiza, hata lile la kumgusa chifu. Hakuna kukimbilia kuhesabu mikono. Wanasema mpaka kile kilichofichwa kitoke nje, mpaka jamii ijione ilivyo. Wamba hakuandika hayo kama mtu anayelilia zamani. Alikuwa anasema: hii ni njia ya kufanya politiki, ya watu kufikiri pamoja, na kama munatafuta mbegu za demokrasia, anzeni kutafuta huku mbele ya kungojea ziletwe mu sanduku la kura.

Tuko na neno juu ya hilo. Dada mmoja kati yetu, tulipolisoma pamoja, aliuliza: mu baraza hiyo ya zamani, mwanamke alisimama lini? Kijana alipewa neno saa ngapi? Hatukupata jibu la kuturidhisha ndani ya kurasa zile, na tunafikiri ni shimo kubwa. Baba zetu wengi hata leo wanapenda sana baraza mpaka siku binti anapofungua kinywa. Lakini lile swali la dada lilikuwa lenyewe baraza. Mwalimu alikuwa amekufa, na bado alikuwa anatufanya tubishane mpaka usiku, mu chumba kisicho na umeme, na simu mbili za kumulika.

Katika miaka ya 90 aliendelea mbali zaidi. Wakumbuke wazazi wetu: 24 mwezi wa ine 1990 Mobutu alikubali vyama vingi, machozi mu macho. 1991 Mkutano Mkuu wa Taifa ulifunguliwa Kinshasa, Monsengwo akauongoza baadaye, na 1992 ulifungwa. Inchi nzima ilikuwa inasikiliza redio. Vyama vilizaliwa kila asubuhi. Mwaka ule ule wa 1992 Wamba aliandika juu ya hatari ya demokrasia ya wakubwa peke yao. Kwa maneno yetu sisi: wasomi na matajiri wanabadilishana viti, wanaita hiyo mabadiliko, na watu wanabaki kupiga makofi ama kupiga kura, kisha warudi nyumbani. Kwake, chama kinachowaza tu kuingia mu serkali kimekwisha kuacha watu nyuma. Watu wenyewe wanafikiri. Hilo njo lilikuwa shina la mafundisho yake, na linaonekana jepesi mpaka ulijaribu.

Kuanzia 1992 mpaka 1995 alikuwa raisi wa CODESRIA, shirika la watafiti wa sayansi za jamii la Afrika nzima, lenye makao Dakar. 1995 yeye na Mahmood Mamdani wa Uganda walitoa kitabu kikubwa juu ya harakati za watu na demokrasia Afrika. 1997 akapewa tuzo ya Prince Claus ya Uholanzi. Alikuwa na miaka 55, jina safi, wanafunzi mu inchi nyingi.

Mukilinganisha na yale tuliyoyaona sisi mu oditwari, mutacheka kwa uchungu. Tulikuwa na mwalimu mmoja, hatutamtaja wala chuo hatutakitaja, ambaye somo lake lilikuwa silabusi. Hukununua silabusi, jina lako haliko kwenye orodha, na kama jina haliko, pointi zitatoka wapi? Silabusi yenyewe ilikuwa ile ile tangu kaka zetu wakubwa, hata makosa ya herufi yalikuwa yale yale. Tulikuwa na wengine wazuri, kweli, waliotembea kwa miguu kuja kufundisha bila kulipwa miezi. Lakini profesa ambaye anaingia mu oditwari akiamini kwamba mwanafunzi anaweza kumufundisha yeye, huyo tulimsoma kwenye karatasi tu.

Sasa tufike Goma, 1998.

Wengi wetu tulizaliwa karibu na mwaka ule, wengine mwaka ule kabisa. Tumezaliwa chini ya RCD bila kujua neno RCD. Tarehe 2 mwezi wa nane vita ilianza huku mashariki, miezi kumi na tano tu baada ya Mobutu kukimbia. Laurent-Désiré Kabila alikuwa amewafukuza askari wa Rwanda waliomuleta, nao wakarudi na jina jipya. Wakahitaji uso wa kikongomani. Siku chache nyuma yake uso ukapatikana: profesa wa Dar es Salaam, mtu wa mbongi, raisi wa Rassemblement congolais pour la démocratie. Hakuwa peke yake kati ya wasomi. Jacques Depelchin, mwanahistoria, alikuwa naye pia. Lakini jina la Wamba njo lilibeba uzito.

Waliomtetea walisema, na wanasema mpaka leo, kwamba aliona bunduki zimekwisha kulia, kwamba kuziacha mikononi mwa askari peke yao ni vibaya zaidi, kwamba mtu wa mawazo akikaa mbele ataweza kugeuza vita kuwa politiki. Ni hoja. Tunaiandika hapa bila kuichekelea, kwa sababu ni hoja ile ile mwenzetu wa WhatsApp aliyotuandikia baadaye usiku, kwa simu, bila kujua anamrudilia nani: «Nikiwa ndani nitasaidia watu. Nikikataa, watamweka mjinga.»

Basi tuangalie alisaidia watu wangapi.

Tarehe 24 mwezi wa nane 1998, wiki tatu baada ya vita kuanza, watu waliuawa Kasika, mu Mwenga, Kivu ya Kusini: padri, watawa, mwami na mke wake, na mamia ya wanakijiji pale na njiani. Mwisho wa mwaka ule na siku za kwanza za 1999, Makobola, karibu na Uvira, mamia tena. Raisi wa RCD alikuwa Wamba dia Wamba. Hatusemi alitoa amri. Amri za jeshi hazikupita kwake, na hiyo njo tabu yenyewe: aliitwa raisi, na bunduki zilikuwa zinasikiliza Kigali. Kule Kasika hakuna aliyepewa nafasi ya kukaa mu mbongi.

Mwezi wa tano 1999 wakamuondoa. Wakamuweka Émile Ilunga. Yeye akawa Kisangani, chini ya ulinzi wa Uganda, na sasa kulikuwa RCD mbili, moja ya Goma, moja yake. Wakati wa kutia sahihi makubaliano ya Lusaka walishindwa kukubaliana nani ni RCD wa kweli, mpaka tarehe 31 mwezi wa nane 1999 waanzilishi wakatia sahihi wote pamoja, kama watoto wanaoambiwa kila mmoja ashike sahani. Kisha yeye akaenda Bunia, wakati Wahema na Walendu walikuwa wameanza kuchinjana. Huko akagombana na wenzake, Mbusa Nyamwisi mmoja wao, na ugomvi wao ukawa unaamuliwa Kampala. Wanaitwa, wanaenda, wanarudi, wanagombana tena.

Na Kisangani. Mwezi wa sita 2000, siku sita, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda walipigana kwa mabomu katikati ya mji wa wakongomani. Mamia ya raia walikufa. 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua Uganda ilipe Congo dola milioni 325 juu ya vita ile yote. Tuko na rafiki kutoka Tshopo ambaye mama yake bado haendi kwenye shamba lililo upande fulani wa mji. Alimuzaa mwaka ule. Hasemi sana.

Baada ya makubaliano ya mwisho wa 2002, Wamba akawa seneta mu serkali ya mpito, mpaka uchaguzi wa 2006. 2002 huo huo alikuwa amemzika Philippe. Kisha alirudi kwenye kuandika na kusema na vijana waliomtafuta, mpaka 2020.

Tumesikia hukumu mbili juu yake. Ya kwanza: msaliti, fungeni vitabu vyake. Ya pili: mtu mzuri aliyedanganywa. Ya kwanza inatupunguzia kazi ya kufikiri, lakini ile ya pili njo inatukasirisha zaidi. Mtu aliyeandika miaka makumi mbili kwamba watu wa kawaida wanafikiri, wanaona, wanaelewa, hawezi kutetewa kwa kusema yeye profesa hakuona. Wamama wa Goma waliona. Walijua magari yale yametoka upande gani, walisikia lugha ya makomanda, walijua madini yanaenda wapi. Kama angefanya baraza moja tu na wauza mkaa wa Virunga wiki ile ya kwanza, wangemwambia yote. Alisahau mafundisho yake mwenyewe siku ile alipoyahitaji. Kwa kweli ndivyo tunavyoona.

Na kulikuwa wasomi wengine wa kizazi chake walioona. Georges Nzongola-Ntalaja, profesa wa sayansi ya politiki, yeye pia alisomea Marekani, alifundisha Lubumbashi mwanzo wa miaka ya 70, kisha Howard, Washington. Kitabu chake cha 2002 juu ya historia ya Congo tangu Leopold mpaka Kabila hakikuipaka ile vita rangi: aliiita uvamizi wa majirani na akawaweka viongozi wa RCD mahali pao. Kwa hiyo musituambie wakati ule haikuwezekana kujua.

Lakini vitabu vya Wamba hatutavifunga. Tumejaribu kufikiri tungemjibu nini mwenzetu bila yeye, na tukakuta silaha tuliyo nayo ametupa yeye. Ni yeye aliyetufundisha kuuliza nani anafanya politiki. Uliza swali hilo juu ya RCD ya 1998, inaanguka. Uliza juu ya hawa wa leo, kikundi chenye jina lenye neno «mto» na tarehe ya makubaliano ya zamani ya 23 mwezi wa tatu 2009, nao wanaanguka pia. Uliza juu ya Kinshasa, juu ya wabunge wanaolipwa maelfu ya dola wakati mwalimu wa shule huku hajui mwezi gani atalipwa, wale wanaotukumbuka siku ya kampeni: hawasimami hata dakika mbili. Njo maana hatuwezi kutumia jina lake kutetea hata mmoja wao.

Hatuandiki haya tukiwa tumeshiba. Mama wa mmoja wetu alimwambia juzi, bila hasira, akipepeta mchele: «Diploma haipikwe mu sufuria, mwanangu.» Banki zilifungwa Goma mwezi wa kwanza 2025. Uwanja wa ndege ulifungwa pia. Aliyekuwa na stazhi imekufa, aliyekuwa na kontra imekufa. Wanapokuja na mezani kuna dola mia mbili za kila mwezi, na kiti, na kitambulisho kinachokupitisha kwenye vizuizi usiku, tunajua ni kitu gani. Kila mmoja wetu amehesabu zile dola kichwani. Mia mbili ni kodi ya nyumba, ni shule ya wadogo wawili, ni dawa ya sukari ya baba. Tusijifanye malaika.

Ila Wamba hakuenda kwa njaa. Hiyo hatupendi ipotee. Alikuwa na kazi, jina, tuzo, nyumba ya mwalimu kule Mlimani. Alienda kwa imani kwamba yeye, kwa sababu ya akili yake, ataongoza kitu ambacho hakuwa ameshika usukani wake. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Sisi tunaitwa kwa njaa, yeye aliitwa kwa sifa, na mlango ni ule ule. Mwenzetu alituandikia kwamba atasaidia watu akiwa ndani. Tulimuuliza mambo matatu tu: nani anaweza kukufukuza? Ukikataa kutia sahihi karatasi, nini kitakupata? Na siku watu wa mtaa wako watasema hapana, utawasikia kwa njia gani? Alijibu la kwanza kwa jina la mtu ambaye hatujamuona, mwenye cheo cha jeshi. La pili hakulijibu. La tatu aliandika «mtaniona», kisha akafuta.

Wamba alipoulizwa maswali kama haya 1998, ilikuwa barua za wenzake wa Afrika na waandishi wa habari. Haikuwa watu wa Birere, haikuwa wa Kadutu. Sisi tuko na bahati moja ambayo yeye hakuitafuta: tuko hapa, tunakaa nao, tunanunua chumvi kwao.

Tumefanya kitu kidogo. Andiko lile la 1985 tumeanza kulitafsiri mu Kiswahili chetu, cha huku, si cha redio. Tunafanya kurasa mbili kwa wiki, na maneno magumu tunayabisha. Kwa «contradiction» peke yake tulikaa saa moja na nusu: wengine walitaka «mgongano», mama mmoja mpishi aliyekuwa anatusikiliza akasema «pale maneno hayapatane», tukaandika la mama. Siku ya posho tutasoma sehemu ya kwanza kwa sauti, kisha kila mtu aseme, na dada ambaye aliuliza lile swali juu ya wanawake njo atafungua. Mahali tutaambiana kwa mdomo, munajua sababu. Lete kiti kama uko nacho, na usilete simu.

Yule wa ile kazi tumemualika naye. Alikaa siku mbili bila kujibu, alama za bluu zinaonyesha amesoma. Leo asubuhi ameandika: «Saa ngapi?»